Kwa Fundo, Baba Aliyeishika Kamba

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka. Kiti chako kipo palepale karibu na mlango. Hakuna anayekikalia, ingawa Mama hajamkataza mtu.

Watu walikuita Fundo. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani una kinyongo na mtu, kumbe ni mafundo ya kamba tu. Kwa miaka thelathini na miwili ulikuwa fundi wa jukwaa wa kampuni ya maigizo ya mkoa wetu, ile inayoigiza hadithi za bibi zetu kwa lugha ya nyumbani. Mapazia, taa, mandhari ya kuchorwa, kila kilichoning'inia pale kilipitia mikononi mwako. Nyumbani nako hali ilikuwa hiyohiyo. Ukifunga mfuko wa unga, Mama anaufungua kwa kisu. Ukitufunga kamba za viatu, tunalala navyo. Harusini wenzako wanamtazama bibi harusi, wewe unatazama dari.

"Baba wa watoto, shusha macho," Mama alikuwa akikunong'oneza.

"Ile taa ya tatu siipendi," unamjibu.

Ulipokuwa hai ulitukataza kuisimulia ile alasiri. Utusamehe, leo tunaisimulia. Kalamu nimeishika mimi, binti yako wa pili, kwa sababu nilikuwamo.

Nilikuwa na miaka minane. Shule yetu ililetwa ukumbini, na kama kawaida ya kampuni yenu, watoto thelathini tuliitwa jukwaani tukae chini, tumzunguke msimulizi. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na bomba la chuma lenye taa kumi na mbili. Kamba yake ilipita kwenye kapi darini, ikashuka hadi pembeni uliposimama, nyuma ya pazia, ikafungwa kwenye ndoano iliyochimbiwa ukutani.

Hadithi ilikuwa imefika patamu uliposikia saruji ikimwagika sakafuni. Ndoano ilikuwa inang'oka. Uliidaka kamba kwa mikono miwili, ukakaza mguu ukutani, na uzito wote ukahamia kwako.

Mjomba wetu, kaka yake Mama, alikuwa mpiga ngoma wa kampuni. Alisimama hatua nne kutoka ulipokuwa.

"Shemeji," ulimwambia taratibu. "Watoe watoto."

"Wote?"

"Wote. Na mtu asikimbie. Wakikimbia watakanyagana kwenye ngazi."

Hapo ndipo alipoiona mikono yako imeing'ang'ania kamba. "Nije tushike wawili?"

"Ukija huku, nani atawatoa?"

Mjomba akapiga mdundo wa kufungia onyesho, katikati ya hadithi. Msimulizi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni, akakatiza neno mdomoni. Alitupa jicho pembeni mara moja tu, akakuona. Kisha akatabasamu, akainuka, akaanzisha wimbo wa mwisho, ule ambao watoto hutoka nao nje wakicheza, mstari mmoja, mikono mabegani. Mjomba anasema hajawahi kupiga ngoma polepole namna ile. Mikono ilitaka kukimbia, akawa anaizuia.

Kamba ilikuteleza, ikakuchuna mikono. Kila ilipoteleza kidogo, taa zilishuka kidogo, nasi tukadhani ni sehemu ya mchezo. Mtoto mmoja alizipungia mkono.

Mimi niligoma kuinuka. Wenzangu walikwisha kushuka ngazi, nami nimekaa vilevile, nimekunja miguu. Msimulizi akarudi, akaja mpaka chini ya zile taa, akanishika mkono.

"Twende, mama."

"Hadithi haijaisha."

"Inaishia nje."

Alinitoa kwa mwendo uleule wa wimbo, bila kunivuta. Tukashuka ngazi. Waliokuwa wamekaa kwenye viti wakatufuata nyuma, na tulipokwisha kuvuka mlango sote, ukaachia. Mjomba, akiwa uani nasi, alisikia kishindo, akaipiga ngoma kwa nguvu zake zote ili tusikisikie. Tukacheza.

Nilikununia siku tatu kwa sababu hadithi ilikatizwa. Mikono yako imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, Mama anakulisha kwa kijiko, nami nakupita bila kukuamkia.

Siku iliyofuata alasiri ile, kampuni ilikusanyika ikupongeze. Ukawainulia ile mikono ya bendeji wanyamaze.

"Msinipigie makofi," ulisema. "Ndoano ile niliikagua Jumatatu. Niliuona ufa, nikajiambia utangoja wiki iishe. Kosa ni langu."

Msimulizi akasema, "Maonyesho yamesimama. Hapandi mtu jukwaani mpaka Fundo ashushe kila kamba na kung'oa kila ndoano."

Uliifanya kazi hiyo siku kumi na tisa, vidonda havijapona. Mwigizaji mmoja hakukusalimu mwaka mzima, kwa sababu mwanawe alikuwa kati ya wale thelathini. Hukumlaumu. Kila asubuhi ulimsalimu wewe, akapita, na kesho yake ukamsalimu tena.

Nilipotimiza miaka ishirini nilikuja kukuomba kazi. Ulinikalisha kwenye sanduku la misumari, ukanieleza yote, ya mikono yako na ya ule ufa. Mpaka siku hiyo nilidhani uliungua kwa taa.

"Umeshajua," ulisema. "Bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Haya. Anza na ndoano."

Ulinifundisha miaka kumi na moja, Baba, na sikuwahi kukusikia ukisema "ipo sawa" kabla hujapanda ngazi mwenyewe. Ulipougua, jambo la kwanza uliloniuliza kila nikija hospitali ni nani amepanda leo.

Siku mbili kabla hujatutoka nilikuwa nakupaka mafuta viganjani, pale palipobaki makovu. Nilikuuliza swali nililolibeba tangu lile sanduku la misumari.

"Baba, siku ile uliniona?"

"Nilikuona kisogo tu."

"Mbona hukuniita?"

"Ungegeuka, ungenikimbilia." Ulivuta pumzi. "Nilikiangalia kile kisogo mpaka mlangoni. Sijawahi kuangalia kitu kwa muda mrefu kama ule."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako watano, dada yako, shemeji yako mpiga ngoma, msimulizi, na wote wanaopanda jukwaani pale, pamoja na yule mwigizaji, ambaye ndiye aliyelibeba jeneza lako upande wa mbele.

Pumzika, Baba. Tungali hai, hutasahaulika.