Delmer Haskett na Chuma cha Kengele Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imelala juu ya uzio. Watu wanatukumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya. Babu Ephraim naye alikuwa marehemu, lakini haikukuzuia. Hata hivyo tutajitahidi.

Ulikuwa mpole. Hapa mjini Larkin hakuna anayekumbuka siku uliyopandisha sauti. Kila asubuhi ulichemsha kahawa ukampelekea Mama kitandani. Mimi Verna ulinifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwenye meza ya jikoni, unga wa mikate ya Mama ukiwa bado umetapakaa. Farasi uliwaogopa hadi unakufa, na ukaandika habari zao vitabu vya kujaza rafu nzima. Wyoming yote ikakuamini.

Ulikuwa pia msikilizaji mzuri, na hivyo ndivyo ulivyompata Mama. Alikusimulia jinsi baba yake, Ephraim Brannock, alivyonyongwa kando ya mto na matajiri wa ng'ombe, yeye Mama akiwa na miaka tisa, kwa sababu zizini mwake walikutwa ndama wasio na chapa. Wakasema ni wa wizi. Akakuambia na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu: chuma cha kupigia chapa kilikuwa kimeshawekwa motoni wiki ile, lakini yeye alilia, akasema ndama wasichomwe, bado wadogo. Babu akamwonea huruma, akaahirisha.

Akakuambia pia ya kesho yake. Zizi lilipofunguliwa, kila ndama alikimbilia ng'ombe mwenye chapa ya Kengele Tatu, chapa ya Babu, akaanza kunyonya. Ndama hamkosei mama yake. Walionyonga walisimama pale wakaona, wakavaa kofia zao wakaondoka.

Ulimshika Mama mkono, ukalia naye. Kisha ukaenda ukaandika riwaya.

Humo Babu ni mwizi. Kijana aliyevuta kamba ndiye shujaa, na mwishoni binti wa mwizi anambusu. Ndama na mama zao hukuwatia.

"Ingeharibu mwisho, mke wangu," ulimwambia Mama, kwa upole wako uleule.

"Basi angalau badilisha chapa, Delmer. Watu watajua ni sisi."

"Nitabadilisha. Hilo niachie mimi."

Kitabu kikatoka, na Kengele Tatu imo ukurasa wa kwanza. Kikauzika. Miaka ikapita, watu wa filamu wakaja, wakajenga mji wa mbao kule bondeni, nyumba zenye uso bila mgongo. Ulitembea kati ya nyumba zile ukiwa na furaha ambayo hatukuwahi kuiona nyumbani. Wakakuuliza watapata wapi chuma cha chapa kinachofanana na cha kweli. Ulikuja ukakitungua cha Babu nyuma ya mlango wa jikoni, kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho Mama.

"Nimewaazima tu," ulisema.

Kilirudi kimepakwa rangi ya fedha, ili kionekane vizuri kwenye picha.

Siku filamu ilipoonyeshwa hapa kwetu ulifunga tai, ukatuketisha safu ya mbele. Ilipofika pale pa kunyongwa, shujaa alikiinua kile chuma mbele ya uso wa mwizi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Vuta kamba, bwana, wengine tuna njaa!" Watu wakaangua kicheko. Nawe ulicheka, Baba. Kidogo tu, kwa adabu.

Tulipofika nje Mama alisema, "Umenibusisha na muuaji wa baba yangu mbele ya watu."

"Yule ni mwigizaji, Odessa. Mbona unakuwa hivyo?"

Mjomba Cletus, ambaye alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini, tangu siku ile hakuwa na amani kwenye mnada wa ng'ombe, kila mtu akimtania. "Cletus, jirani yangu! Wahesabu vizuri, wangu wasije wakageuka wako!" Alicheka nao, maana mtu lazima auze ng'ombe. Kisha alikuja kwetu, akaketi mezani pako, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaitazama tai yako. Ukamwongezea maharage. Mwishowe aliuza mifugo yote, na chapa ya Kengele Tatu haikupigwa tena bonde hili. Wewe mji ulikupa kibao cha shaba chenye jina lako. Mcheza kwao hutunzwa.

Ulipougua ukawa huinuki kitandani, Mama alikulisha mchuzi kwa kijiko. Nilikuwepo. Alikuomba jambo moja, la pekee tangu akuombe ubadilishe ile chapa.

"Delmer, sema hakuiba. Mara moja tu, nisikie kwa mdomo wako."

"Wasomaji wangu, Odessa..."

"Wasomaji wako hawamo humu chumbani. Mimi ndiye nimo. Sema."

Ulifikiria. Tuliona ukifikiria. Kisha ukasema, "Lakini kilikuwa kisa kizuri sana," ukageukia ukutani. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, na kusema kweli yalikufaa.

Uliomba uzikwe na kitabu kifuani. Tulikupa, kwa kuwa tulikupenda, na hilo ndilo linalotuuma. Lakini kabla ya kukutoa nyumbani Mama alikichukua chuma cha Babu, akakitia katika jiko mpaka rangi ya fedha ikaungua yote, akakikandamiza juu ya kifuniko cha jeneza. Nyumba ikajaa moshi wa msonobari.

"Bi Odessa," mchungaji alinong'ona, "hili si la kawaida."

"Mchungaji, huku kwetu kinachozurura hupigwa chapa, kijulikane ni cha nani. Baba yangu alichelewa. Mimi sichelewi."

Unakumbukwa na mkeo Odessa, ambaye sasa anajichemshia kahawa mwenyewe. Shemeji yako Cletus Brannock. Wanao Verna na Royce. Na wajukuu, ambao wamekatazwa kuiona ile filamu na bila shaka wameshaiona.

Ulitamani jina lako lisisahaulike, Baba, nasi hatutakunyima. Kila Machi, maadamu mmoja wetu yu hai, tutalitangaza katika gazeti hili, na chini yake tutaiandika ile sentensi iliyokushinda: Ephraim Brannock wa Kengele Tatu hakuiba hata ndama mmoja.