Rubani wa Usharika

Ijumaa jioni, Ilomba. Baridi ya leo haina adabu. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Loleza sijauona kabisa, na hapa nilipo nimevaa jaketi na kujifunga kitenge juu yake. Lakini nina furaha, na furaha hii nisipoiandika leo sitalala.

Shajara, wewe unaijua habari hii tangu mwanzo. Kwenye masta yetu ya uhandisi wa mitambo mtu haanzi utafiti mpaka amalize kozi darasani: zile za lazima, kama hesabu za juu na mwendo wa vimiminika, kisha moja ya hiari ya kujichagulia. Wastani ukishuka chini ya B, utafiti utausikia kwa wenzako. Kozi za lazima nilizibeba kimya kimya, hata zilizonitoa machozi, kwa sababu ya hiyo moja ya hiari. Aerodinamiki. Jinsi hewa inavyopita kwenye bawa na kuibeba ndege. Bila kozi hiyo hakuna mwalimu atakayekubali kunisimamia utafiti wa mabawa, na mabawa ndiyo yaliyonileta Mbeya.

Shida ni kwamba idara haimpangii mwalimu kozi yenye mwanafunzi mmoja. Na mwanafunzi huyo mmoja nilikuwa mimi.

Wenzangu wote walikimbilia matengenezo ya mitambo. Siwalaumu, alama zake zinapatikana na kazi zake zipo. Mkuu wa idara aliniambia kwa upole kwamba nisipopata mwenzangu hadi leo saa tisa, nihamie huko walipo wengine.

Mtu pekee ambaye ningeweza kumwomba ni Ambwene, jirani yangu wa kiti tangu siku ya kwanza. Kwao Chimala wana mashine ya kukoboa mpunga, na yeye amekuja kusoma kwa ajili ya mashine hiyo, wala hafichi. Ndege anazijua kwa kuzisikia zikipita. Hesabu za juu alifaulu kwa shida, na wastani wake umesimama pale pale kwenye B, hauna pa kuteleza. Kumwomba aingie aerodinamiki ni kumwomba aiweke digrii yake rehani kwa ajili ya ndoto yangu. Wiki nzima nimelimeza ombi hilo. Kila akiniazima kalamu linapanda, nalimeza tena.

Nampenda yule kaka. Kama ndugu. Acha kucheka, Shajara.

Halafu kulikuwa na jambo la mama. Jumapili iliyopita, kule Iringa, wakati wa maombi maalumu alisimama kanisani akauomba usharika umwombee binti yake anayesomea urubani. Binamu yangu alinitumia ujumbe wa pongezi: kwaya nzima inauliza nitaanza lini kurusha ndege. Ambwene aliusoma akichungulia begani kwangu, na tangu hapo jina langu darasani ni Rubani. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini ndani niliona aibu. Watu wazima wanapiga magoti kumwombea mtu ambaye hayupo.

Leo mchana, nilipokata tamaa, nilimpigia mama. Nilitaka niyamalize yote kwa mpigo: kozi haitafundishwa, nahamia matengenezo, na urubani sijawahi kuusomea hata siku moja.

Alinisalimia kamwene, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Mwanangu, hata mimi najua huendeshi ndege. Wewe unapiga hesabu za upepo na bawa, si ulinieleza Krismasi? Nikawaeleza kina mama wenzangu, wakabaki wananiangalia tu. Sasa mtu ataombea upepo na bawa? Nikaona niseme rubani, watu wajue wanaomba nini."

Nilicheka mpaka nikalia. Au nililia kwanza, sikumbuki. Kumbe muda wote huo mama alikuwa amenielewa vizuri kabisa, alikuwa anawarahisishia wengine tu.

Nikajifuta uso, nikaenda ofisi ya idara kuhama. Katibu, mama asiyependa maneno mengi, akaniuliza nahama kwa nini wakati kozi yangu imeshapata mtu wa pili. Nikamwambia haiwezekani, mtu gani huyo. Akasema ni yule kijana wa Chimala, alikuja asubuhi.

Nilimkuta Ambwene kwenye kibanda cha chai nyuma ya karakana, anakula chapati. Nikamuuliza ana wazimu gani. Hakuacha kutafuna.

"Dada, wewe ukipelekwa matengenezo utanuna muhula mzima, na anayekaa pembeni yako ni mimi. Bora nikateseke na hesabu."

Nikamuuliza, na wastani wako je? Akasema anaujua vizuri kuliko mimi, ndiyo maana nitamfundisha kila Jumamosi, na nikitega atanishtaki kwa mama Iringa. Akanisogezea nusu ya chapati yake. Nikaipokea, nikaila.

Sasa naogopa. Hofu ya alama zangu nilishaizoea, hii ya alama za mwenzangu ni ngeni. Akishuka chini ya B, mimi nitaanza utafiti wa mabawa na yeye atarudi Chimala mikono mitupu, kwa sababu hakutaka kuniona nimenuna.

Hatashuka.

Mazoezi ya kesho nimeshayaandaa, tunaanza na yale yaliyomshinda kwenye hesabu za juu, na hata akinuna tutaendelea. Ila kabla hajafika nitampigia mama. Nitamwambia auambie usharika marubani sasa ni wawili, na huyu wa pili aombewe kwa bidii zaidi, maana hesabu zake nimeziona.