Fagio ya Salongo

Lubumbashi, 10/5/1979

Yaya Feruzi,

Hii barua napatia muntu akuletee mukononi, juu kwa posta banafungulaka barua, banasoma. Mama iko muzima, anakusalimia. Ile planche ya roue ine ulitumaka toka Liège, ya kusimama juu na kutelemuka nayo, inaniangusha kila siku. Kajiwe kadogo tu kakikamata roue, planche inasimama, na mi naendelea peke yangu mpaka chini. Magoti yote iko vidonda.

Njo maana nilianza kupenda salongo, ile kazi ya lazima ya Parti. Unajua vile bantu banafagiaka barabara kila samedi: banagusa vumbi tu, Parti ione bamefika. Mi nilikuwa nafika wa kwanza, nafagia avenue yetu yote, natosha kila kajiwe na mukono, nipate fasi ya kutelemuka na planche.

Bantu bakaanza kuuliza nani anamutuma mutoto wa Sudi, baba yetu, kufagia hivi, kama si Parti. Mama Ngalula, jirani wa pembeni, alizoea kuongea na mama kwa lupango yetu. Sasa tukipita anaingiza batoto yake ndani, anaona tuko macho ya Parti.

Juzi chef wa cellule, mukubwa wa Parti kwa mutaa yetu, aliita baba, akamusifu juu ya kufagia kwangu. Baba alirudia na insigne ya Parti, ile alama ya chuma, kwa koti. Banamupa kazi: kila samedi ataandika majina ya wale habakufika kwa salongo, apeleke kwa chef.

Nilimwambia baba ilikuwa tu juu ya planche. Aliniangalia murefu, sijue kama alisadiki. Kisha akanipa fagio:

"Samedi ufagie mubaya, na bantu bote bakuone, bajue hatuko ba Parti."

Mudogo wako,
Amida