Treni Isiyoitikia Salamu

Mama Fatuma, mke wangu,

Nina miaka themanini na mitatu. Nimewazika ndugu zangu wote, na vyombo vya bahari nilivyoviunda hapa Matondoni vingine vimeshaoza, mimi bado nasimama wima. Na wewe pia nimekuzika. Hilo sikuliomba.

Nakuandikia kwa mkono wangu, herufi kubwa kama mbao. Usinicheke.

Wakumbuka kile kituo cha treni ya umeme, kule Uarabuni kwa binti yetu? Ile treni ndogo ipitayo katikati ya mji, haina moshi wala kelele. Wanawake wana behewa lao, mkaingia wewe na Fatuma. Mimi nikaenda la wanaume. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyelelewa, nikatoa salamu, nikangoja niitikiwe na kukaribishwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Mlango ukajifunga mbele ya pua yangu, nawe ukaenda zako.

Mlinzi, kijana wa Mombasa, akanisihi nipande inayofuata, nitawakuta kituo cha mbele. Nikamwambia mimi ndiye fundi mkuu wa Matondoni, chombo hunirudia, sikifuati. Zikapita treni, nami nimesimama na bakora yangu. Hata ukarudi, buibui limekwenda kombo, wacheka mpaka machozi. Ukanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu Amu hukulifanya hata siku moja, ukaniambia:

"Bwana we, mlango ukifunguka ingia. Salamu utatoa ndani."

Tangu uondoke, kila alasiri nakaa barazani, uso ndiani, naitazama njia. Fatuma hupiga simu, baba njoo ukae nasi. Juzi nikamjibu siendi, je, mama yako akirudi nisiwepo? Nikamsikia analia. Na yule mwanao halii ovyo, wamjua.

Najua hutarudi. Kichwa changu kigumu, lakini si cha mbao. Nimemwambia Fatuma nakuya kwake. Nitakwenda mpaka kituo kile, na mlango ukifunguka sitangoja kukaribishwa na mtu. Na ule mlango mwingine, Mungu akinifungulia, hivyo hivyo. Wewe kaa hapo mbele. Safari hii usijisumbue kunirudia.

Atakayesema natunga, amuulize Fatuma. Siku ile alikuwa nyuma yako, akijifanya hatujui.

Mumeo,
Baba Fatuma