Baba, Shawa Yako Ndiyo Iliyonipeleka Uhandisi

Mpendwa Baba,

Umenichosha, na kufa kwako hakujapunguza chochote.

Wiki jana mhadhiri alituzungukia darasa zima, kila mtu aseme kwa nini amechagua uhandisi wa umeme. Mmoja akataja satelaiti, mwingine magari yasiyotumia petroli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Shawa ya kwetu Dagoretti." Wakaangua kicheko. Mimi sikuwa natania.

Unaikumbuka siku uliyoileta shawa hiyo ya umeme kwenye gunia? Ulikuwa mtunza bustani kule mtaa wa Karen, na mwajiri wako alikuwa ameitupa. "Matajiri hutupa vitu vizima," ukamwambia Mama, ukapanda kwenye stuli ukaifunga mwenyewe. Fundi wa stima wa nini? Na maji yalikuwa moto kweli. Shida ilikuwa bomba: ukiligusa, linakutandika kwa umeme mpaka kwenye kiwiko. Nilikujia nikilia. Hukuzima swichi. Uliniangalia miguu.

"Mwaitu," ukasema, ukiniita mama kwa Kikamba kwa sababu nilipewa jina la mamako, "si nilisema muvae slipa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yako: slipa za mpira miguuni, kitambaa kikavu mkononi, na maombi kidogo. Pasta alipolala kwetu ulimpa taulo, sabuni na slipa, wala hukumweleza slipa ni za nini. Alipotoka mbio na povu masikioni, ulimuuliza kwa upole, "Pasta, kwani ulizivua?"

Nilikuuliza mara ngapi umeme unaingiaje kwenye bomba? "Stima ni stima," basi. Baba, hilo si jibu! Nilikasirika nikiwa darasa la sita, na hasira hiyo ndiyo iliyonipitisha hesabu na fizikia. Jibu lenyewe ni waya wa arthi, ule wa kijani na manjano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ambao uliukata kwa kuwa uliona hauna kazi. Waya mmoja tu! Ningekuwa nawe hapa tungegombana mpaka majirani waje.

Na ulipotuacha, Mama naye akakataza shawa isiguswe. "Hapo baba yako alifunga na mkono yake." Kila asubuhi nilimsikia bafuni: yowe, kisha, "Ai, Baba Mwende, wewe!" Nilimweleza, nikamchorea, nikamsihi. Hata mwezi uliopita ilipomwangusha sakafuni, alisema ameteleza. Nikaona ukaidi wenu sasa utanifanya nimzike na yeye. Jumamosi, akiwa kanisani, nilizima swichi kubwa, nikaing'oa shawa, nikaweka waya wa arthi, nikaifunga tena.

Asubuhi yake aliingia na kitambaa chake. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Maji yalitiririka, na hapakuwa na yowe. Alipotoka alikaa kitandani na taulo.

"Haijanipiga," akasema.

"Si ndio vizuri, Mum?"

"Ni vizuri." Akakikunja kile kitambaa. "Ni vile nilikuwa namgombeza kila asubuhi. Sasa nitamgombeza na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, na bado nakukasirikia kwa kuniachia kulijibu peke yangu.

Jana alikuwa akifagia, akataka kuzitupa zile slipa zako za bluu zilizo mlangoni mwa bafu, eti sasa hazina kazi. Nilimfokea asiziguse.

Pumzika, Baba. Huku tunaoga salama.

Mwaitu wako,
Mwende