Karatasi Zisizo na Muhuri

Kaunti ya Jing, Anhui,
6 Februari 1994.

Mpendwa mdogo wangu Jinshu,

U hali gani huko Urumqi na baridi yake? Shemeji Yulian na mtoto hawajambo? Huku tunapumua. Kifua cha Mama kimetulia.

Nina neno linanichoma, na kwenye simu ya posta, watu wamejipanga nyuma yangu, nisingeweza kulisema.

Unajua kiharusi kilimpoozesha Baba mkono wa kulia, na ile michoro yake ya mianzi kwa wino ikaishia hapo. Kumbe mzee hakukata tamaa! Tangu vuli ananisagisha kijiti cha wino kwa maji juu ya jiwe, kisha anajifungia na kushika chochote kwa mkono wa kushoto: dodoki, fagio kuukuu, hata unyoya wa kuku. Anachovya, anapiga, anakwaruza, anaburuta. Siku moja nikachungulia, nikamtania, "Baba, hiyo picha au kuku wamepigana?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyamaza wewe! Miaka hamsini nimechora mianzi. Sasa nachora upepo."

Ijumaa tulifagia nyumba kwa ajili ya mwaka mpya. Nyuma ya kabati nikakuta furushi la karatasi, madoa na michirizi mitupu, wala hakuna hata moja yenye muhuri wake mwekundu, ule anaougonga picha ikikamilika. Nikajua ni zile za kujaribia brashi. Na karatasi iliyoguswa na wino haitupwi jalalani, ndivyo tulivyolelewa. Basi nikazichoma uani, tena kwa heshima zote.

Jinshu, zilikuwa arobaini na moja. Mama ndiye aliyenieleza baadaye: muhuri ulikuwa unamponyoka Baba mkononi, akawa anakungoja wewe uje umgongee.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliuliza tu, "Zote?" Nikasema zote. Nikimsagia wino asubuhi, anautazama mpaka unakauka. Moyo wangu umepasuka, mdogo wangu.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Guixiang pia. Mbusu mtoto. Mababu wawalinde katika njia zenu zote.

Jana jirani yetu Bwana Tao alikuja kuulizia picha mpya. Mimi nilikuwa namimina chai. Baba akamjibu, "Nimezichoma mwenyewe, hazikuwa na maana." Ukija, nawe atakuambia hivyo hivyo. Usimwamini. Ni mimi.

Dada yako akupendaye,
Suyun