Sindano ya Ganzi na Jicho la Mama

Nyumbani,
chumba cha mbele.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua kimekuachia? Wifi na watoto wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi hatujambo, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea tu.

Mama amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Najua utanuna kwa kuwa hatukukuambia mapema, lakini ni amri yake. Alisema, "Akijua atapanda ndege, halafu nitakuwa na presha mbili, yangu na yake."

Jicho la kushoto lilishakufa zamani, unajua. Hili la kulia lilikuwa limefunikwa na utando hadi akawa anatunga uzi wa cherehani kwa kupapasa. Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni sindano ya ganzi, inayochomwa pembeni kabisa mwa jicho. Akishtuka tu, inaweza kwenda kusikotakiwa, naye hana jicho la akiba.

Hapo ndipo nilipomfahamu daktari wa usingizi, mwanamke mpole wa makamo. Alivuta kiti, akaketi, akaeleza kwamba kabla ya ganzi mgonjwa hutulizwa kwa dawa ya mshipani. Zipo mbili, zote za ukoo wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, na zote huzitumia siku zote. Moja hukolea upesi na kuisha upesi. Nyingine huja polepole, hukaa, na pengine huacha kichefuchefu. Wanazilinganisha wajue ipi inawafaa zaidi wagonjwa wa macho. Mama akikubali, atapewa mojawapo kwa kura, na sirinji itajazwa na mtu mwingine.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe hutajua unanipa nini?" Mama akauliza.

"Sitajua, Mama. Nikijua, nitaona ninachotaka kuona. Kukitokea hatari, nitaambiwa papo hapo. Na ukikataa, utahudumiwa vilevile."

Mama akacheka. "Basi tutakuwa vipofu wawili. Haya, nipe."

Waliniruhusu nisimame mlangoni. Dawa ilipoingia, mabega yake yalilegea. Daktari wa macho akachoma ile ganzi, Mama hakutikisika hata kidogo. Nikaanza kumshukuru Mungu, mara kile kifaa kilichobana kidole chake kikalia. Alikuwa ameacha kupumua! Daktari wa usingizi hata sauti hakupandisha. Alimwinua kidevu, akamsemesha sikioni: "Mama, vuta pumzi. Nyingine. Hivyo hivyo." Naye akavuta, mtiifu kama mtoto wa chekechea. Baadaye aliniambia kuwa dawa hizi zinaweza kumsahaulisha mtu kupumua, ndiyo maana yeye habanduki ubavuni mwa mgonjwa.

Upasuaji ukaenda salama. Mchana daktari wa usingizi akaja kumuuliza kama alihisi maumivu. Nilimminya Mama mkono aseme hapana, maana mtu aliyekurudishia pumzi unamjibuje vingine? Wapi!

"Nilihisi," Mama akasema. "Kama sindano ya cherehani kugusa ukucha, kisha basi. Na tumbo limenichafuka mpaka sasa."

Ungeona uso wa yule daktari ulivyong'aa! "Asante kwa kutonipamba," alisema. "Wengi hunisifu tu, na sifa hazimsaidii mgonjwa wa kesho." Alipewa dawa ipi, hatujui bado, wala Mama haoni shida. Mimi nilibaki nawatazama wawili wale, nikajisikia fahari kuwa hapo.

Bandeji ilipotolewa, Mama alimwangalia yule daktari wa usingizi toka juu hadi chini. "Kumbe mfupi hivi! Sauti yako ilikuwa ndefu."

Sasa ni wiki kadhaa, na juzi amepata miwani ya kusomea. Matone anatia mwenyewe, hataki msaada.

Mama mdogo anakusalimu sana, na jirani yetu Fundi Saa pia. Mkumbatie wifi na wanao kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko na atukutanishe tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba

Hapa chini ameandika Mama:

Mwanangu, barua yote nimeisoma peke yangu. Hakuongopa. Ila mwandiko wake ni mbaya kuliko nilivyokuwa nikidhani.